Kibebeo cha paka: kipi ununue, na umzoeshe vipi

Wanunuzi wengi wa vibebeo vya paka hutazama mlango wa mbele na kujiuliza kama paka atakubali kuingia. Mimi naanza na swali jingine: atatolewaje? Paka aliyeshikwa na hofu hujibana kwenye kona ya nyuma kabisa, na anayemvuta miguu, au kuliinua kasha upande mmoja ili adondoke, humfundisha kulichukia kasha hilo. Kwa sababu hiyo mpangilio ufuatao unatanguliza vibebeo vinavyowezesha paka kutolewa, au kuchunguzwa na daktari wa wanyama, pasipo kulazimishwa. Uimara, hewa na wepesi wa kusafisha vinafuata, na rangi sikuipa alama yoyote.

Kuhusu ukubwa, paka aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, kugeuka na kujilaza. Paka mzima wa kawaida huwa na uzito wa kilo 3.5 hadi 5 hivi, lakini wa aina kubwa kama Maine Coon anaweza kuzidi kilo 8, hivyo ni heri umpime wako kwa utepe badala ya kutegemea lebo. Kibebeo kikubwa kupita kiasi nacho humuumiza, kwa kuwa huteleza na kugonga kuta gari linapokata kona. Paka wawili wanahitaji vibebeo viwili, hata kama nyumbani hulala pamoja.

Nafasi ya kwanza naipa, bila kusita, kasha la plastiki ngumu lenye kipande cha chini na cha juu, mlango wa mbele na mwingine juu. Ubora wake huonekana mezani kwa daktari: kipande cha juu hufunguliwa na kuondolewa, naye paka hubaki ameketi katika cha chini, juu ya taulo lenye harufu ya nyumbani, huku akipimwa moyo na tumbo. Mwongozo wa kuwahudumia paka uliotolewa mwaka 2011 na vyama viwili vya wataalamu wa tiba ya paka, American Association of Feline Practitioners na International Society of Feline Medicine, unapendekeza vibebeo vya namna hii hii. Dukani, hakikisha vipande hivyo vinaunganishwa kwa klipu zinazofunguka haraka na bila kelele kubwa, kwani skrubu humchosha daktari na mlio wa ghafla humshtua paka. Kiinue kikiwa na mzigo ndani ujue kama klipu zinahimili, na hata zikihimili, usitegemee mpini peke yake. Shika chini kwa mikono miwili. Plastiki huoshwa mkojo ukaisha, lakini epuka dawa za kuua vijidudu zenye fenoli, ambazo nyingi hugeuka nyeupe kama maziwa zikichanganywa na maji, kwa sababu ini la paka haliwezi kuziondoa vizuri mwilini. Kasoro ya kasha hili ni kwamba halikunjiki.

Mfuko wa kitambaa ni wa pili, na kwa safari ya ndege ndani ya kabini huwa wa kwanza, kwa kuwa hubonyea ukaingia chini ya kiti. Soma masharti ya shirika lako kabla ya kulipa: Air France na Lufthansa, kwa mfano, huweka kikomo cha kilo 8, paka na mfuko wake kwa pamoja. Chagua wenye mlango wa juu, sakafu ngumu isiyolegea katikati na zipu zenye kufuli, maana paka mwenye kucha hodari huzifungua. Mkojo hupenya kitambaa, kwa hiyo godoro lake liwe la kutolewa na kufuliwa.

Kizimba cha waya kinachofunguka juu ni cha tatu. Kinafaa sana kwa paka mkali anayehitaji sindano, mradi kifunikwe kwa shuka, kwa sababu paka asiye na pa kujificha huteseka. Mkoba wa mgongoni wenye dirisha la plastiki nauweka chini, ingawa unapendwa: hushika joto, na mara nyingi paka hawezi kujinyoosha humo. Boksi la karatasi libaki la dharura tu, kwani likilowa hupasuka.

Hata kibebeo bora hushindwa kikitolewa stoo siku ya safari pekee. Kiache sebuleni kikiwa wazi, mpe paka chakula humo, na akishazoea funga mlango kwa muda mfupi, kisha kinyanyue, kisha umpeleke garini na kurudi. Siku ikifika naye akakataa, usimsukume kichwa mbele. Ondoa kipande cha juu, mzungushie taulo, mweke, halafu kirudishe kipande hicho.

Garini, weka kasha sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, lisogee kidogo iwezekanavyo. Kupitisha mkanda wa usalama kwenye mpini kunaweza kulivunja kasha iwapo gari litagonga, isipokuwa mtengenezaji amelijaribu kwa matumizi hayo. Usimwache paka ndani ya gari lililoegeshwa, kwa maana joto hupanda kwa dakika chache. Kwenye chumba cha kungojea cha kliniki, liweke kasha juu ya kiti, limefunikwa, lisielekee mbwa.

Kama nyumbani kuna paka mwingine, mrejeo nao unahitaji uangalifu, kwa sababu harufu ya kliniki inaweza kumfanya asimtambue mwenzake. Mwache aliyerudi ndani ya kibebeo dakika chache huku ukimtazama yule wa nyumbani. Akianza kuguruma au kufoka, mtenge aliyerudi katika chumba chake, chenye maji na sehemu ya kujisaidia, hadi kesho yake.