Mashine ya kufulia isiyo na mbwembwe: ipi inamaliza kazi mapema?

Kibandiko cha "Dakika 15" kwenye mlango wa mashine hakisemi uongo. Programu hiyo ipo, na ukiibonyeza itakwisha kwa muda huo au karibu nao. Ila fungua kitabu cha maelekezo, utafute jedwali la programu, uone imekusudiwa kilo ngapi. Mara nyingi ni kilo moja au mbili za nguo zisizo na uchafu wa maana, kwenye mashine unayouziwa kama ya kilo nane. Ukitaka kumaliza kilo nane kwa programu hiyo, utafua mafungu manne au zaidi, na saa nzima itakwisha ukiwa unapakia na kupakua.

Kwa hiyo anayetafuta mashine ya haraka asiulize tu "dakika ngapi". Aulize dakika ngapi kwa kapu lake lote, hadi nguo ziwe zimesuuzwa na kukamuliwa, na kati ya dakika hizo ni ngapi zinamtaka awepo mwenyewe. Orodha yangu nimeipanga kwa kigezo hicho.

Kwanza tuelewe kwa nini mashine za siku hizi zinachukua muda mrefu. Mwaka 1959 mkemia wa kampuni ya Henkel ya Ujerumani, Herbert Sinner, alieleza kwamba usafi hutokana na vitu vinne: sabuni, joto, msuguano na muda. Ukipunguza kimoja, vingine lazima viongezeke. Watengenezaji wamepunguza maji na joto ili kuokoa umeme, na pengo hilo wamelijaza kwa muda. Ndiyo maana programu ya "Eco 40-60", ambayo mashine zinazouzwa Ulaya zinatakiwa kuwa nayo tangu 2021, inaweza kuzidi saa tatu kwa mzigo uliojaa. Huo si ubovu wa mashine, ndivyo ilivyopangwa.

Joto nalo lina hesabu yake. Mashine nyingi huingiza maji baridi tu na kuyachemsha zenyewe kwa hita ya wati 2,000 hivi. Kupasha lita 12 kutoka nyuzi 20 hadi 60 huchukua kama dakika 17, kabla hata ya kuhesabu joto linalonyonywa na nguo na pipa lenyewe. Ukiona programu ya nusu saa inayodai kufua mzigo mkubwa kwa nyuzi 60, itilie shaka. Programu fupi hufua kwa maji baridi au vuguvugu, na huwafaa watu ambao nguo zao zimeshika jasho na vumbi zaidi kuliko mafuta na matope.

Nafasi ya kwanza: otomatiki ya mlango wa juu, yenye sahani ya kuzunguka chini

Hii ndiyo ningemshauri mtu asiyetaka maneno mengi. Unatupia nguo kwa juu, unaweka sabuni, unabonyeza, unaondoka. Programu ya kawaida, pamoja na kusuuza na kukamua, huchukua kati ya dakika 35 na saa moja, na muda huo ni wa mzigo halisi, si wa mashati mawili. Siri yake ni maji: inatumia mengi kuliko ya mlango wa mbele, nguo zinaelea na kusuguana, na sabuni inatoka upesi. Soksi uliyoisahau unaweza kuitumbukiza katikati ya kazi. Na mgongo hauumii kwa kuinama, ingawa mtu mfupi ajaribu kwanza kama mkono wake unafika chini ya pipa. Mashine za kilo nyingi zina vina virefu kweli.

Chagua yenye vitufe vichache. Kinachofaa zaidi ni uwezo wa kuamua mwenyewe kiasi cha maji na idadi ya kusuuza, kwa sababu hapo ndipo unapoweza kupunguza dakika: kusuuza mara moja badala ya mbili kwa nguo nyepesi, kwa mfano. Mashine inayojipimia kila kitu haikupi nafasi hiyo. Pipa liwe la chuma kisichoshika kutu, na kichujio cha nyuzinyuzi kiwe ndani ya pipa mahali unapoweza kukitoa kwa vidole. Nyingi hazina hita, hivyo doa la mafuta utalitibu kwa mkono kwanza.

Sasa kuna jambo moja ambalo wauzaji hawaligusi, nalo ndilo huharibu hesabu yote ya muda: nguvu ya maji nyumbani kwako. Dakika zilizoandikwa kwenye mashine zinakadiria kwamba maji yanaingia vizuri. Mashine ya mlango wa juu hujaza pipa angalau mara mbili, moja ya kufua na moja ya kusuuza, na nyingi hujaza mara tatu. Chukua ndoo ya lita 10, iweke chini ya bomba ambalo mashine itaunganishwa, uhesabu. Ikijaa kwa dakika moja, huna tatizo. Ikichukua dakika mbili, kila ujazo wa lita 50 utakula dakika kumi badala ya tano, na programu ya dakika 45 itakaribia saa nzima. Hapo unaweza kulaumu mashine bure.

Kama maji yako yanatoka kwenye tangi, kumbuka kwamba kila mita 10 za kimo huleta presha ya bar 1 hivi. Mashine nyingi zinataka angalau bar 0.3 hadi 0.5, yaani tangi liwe mita tatu hadi tano juu ya mahali maji yanapoingilia mashine. Kuna zilizotengenezwa kwa ajili ya presha ndogo. Kama tangi lako liko juu kidogo tu ya kichwa chako, tafuta hizo, au shuka nafasi ya pili.

Nafasi ya pili: ya matangi mawili

Wapo wanaoidharau kwa sura yake ya plastiki na swichi zake za kuzungusha zinazolia kama saa ya mezani. Mimi naiheshimu. Tangi moja linafua, jingine linakamua, na kila moja lina mota yake. Swichi ya kufua kwa kawaida inaishia dakika 15, ya kukamua dakika 5. Hakuna bodi ya kielektroniki ya kuungua umeme ukicheza. Mkanda ukikatika, swichi ikifa, mpira wa kutolea maji ukipasuka, fundi yeyote anayejua kushika bisibisi anabadilisha kwa muda mfupi, na vipuri vyake si ghali ukilinganisha na bodi.

Kwa mtu mwenye rundo la nguo za wiki nzima, hii ndiyo ya haraka kuliko zote, kwa sababu matangi yanafanya kazi kwa pamoja: fungu la kwanza linakamuliwa wakati la pili linafuliwa. Maji yale yale ya sabuni yanaweza kutumika tena, ukianza na nyeupe, ukafuata za rangi, ukamalizia na jinzi na matambara. Na haihitaji presha yoyote ya bomba. Unajaza hata kwa ndoo.

Mbona basi haikushika namba moja? Kwa sababu dakika zake 15 ni zako wewe. Lazima uwepo kujaza maji, kuhamisha nguo zilizolowa na nzito kutoka tangi hadi tangi, kusuuza, kupanga vizuri kwenye kikamulio kisigonge. Tangi la kukamulia nalo ni dogo, na fungu moja la kufua mara nyingi hukamuliwa kwa awamu mbili. Mwenye asubuhi nzima ya kufua na anayetegemea maji ya ndoo aihesabu hii kuwa ya kwanza na aachane na mpangilio wangu. Anayefua usiku huku akipika na kusimamia kazi za shule za watoto, abaki na otomatiki.

Dukani, omba waiwashe upande wa kukamua, kisha ufungue kifuniko. Tangi linatakiwa kusimama mara moja, kwa sekunde chache. Likiendelea kuzunguka, breki yake haifai, na mkono wa mtoto unaweza kuingia humo. Hakikisha pia ina waya wa ethi, yaani ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Mashine, maji na sakafu iliyolowa ni mchanganyiko usiotaka mzaha.

Nafasi ya tatu: ya mlango wa mbele, ukijua unachokifuata

Ina sifa zake: maji kidogo (kama lita 40 hadi 60 kwa programu nzima), nguo hazichakai haraka, inachemsha maji yenyewe, na inakamua kwa nguvu. Kama maji ni ya shida kwako, au unafua nepi za mtoto na shuka za mgonjwa zinazotaka joto, inunue bila kusita. Lakini usiinunue kwa sababu ya ile programu ya dakika 15. Itafute yenye programu ya kila siku ya dakika 45 hadi 60 inayokubali kilo nne au tano. Hiyo ndiyo utakayoitumia siku zote, na nyingine kumi na tatu zitabaki mapambo.

Mashine hii ina tabia ya kuongeza muda yenyewe. Ukitumia sabuni ya kufulia kwa mkono, povu linajaa, mashine inaligundua na kusuuza tena na tena. Ukiweka blanketi moja peke yake, linajikunja upande mmoja, pipa linayumba, mashine inasita, inajaribu tena, na ile "dakika moja iliyobaki" kwenye kioo inakaa dakika kumi. Tumia sabuni isiyo na povu jingi, na uchanganye nguo kubwa na ndogo.

Uliza pia kuhusu beringi. Kwenye baadhi ya mashine pipa la nje limeunganishwa moja kwa moja kiwandani bila skrubu, na beringi zikifa unalazimika kubadilisha pipa zima. Lenye skrubu fundi analifungua. Na kama utafua kwa maji baridi kila siku, mara moja kwa mwezi iendeshe tupu kwa nyuzi 60 au zaidi, na uache mlango wazi kidogo baada ya kazi. La sivyo mpira wa mlango utaota ukungu na nguo zitatoka zikinuka.

Zilizobaki

Ya mlango wa juu yenye mhimili katikati ni mashine ya kazi ngumu: inafua kwa dakika 40 hivi, inasugua kwa nguvu, na kampuni ya Speed Queen ya Marekani imejijengea jina kwa mashine za aina hiyo. Inakunywa maji, mara nyingi zaidi ya lita 100 kwa programu, na nguo laini haziipendi. Kama maji hayakusumbui na vipuri vipo karibu, ingeweza hata kupanda juu ya ile ya mlango wa mbele.

Ile ndogo ya tangi moja isiyokamua inafaa chumba kidogo na nguo za mtoto, basi. Na inayofua na kukausha humo humo iache kabisa kama haraka ndiyo shida yako. Kukausha ndani yake huchukua saa kadhaa, tena kwa kilo chache kuliko zile inazoweza kufua.

Kabla ya kulipa

Kilo zilizoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu. Panda kwenye mizani ukiwa na kapu lako la nguo, kisha bila kapu, utoe. Nunua mashine ambayo programu yake *fupi*, si ile ndefu, inabeba uzito huo kwa mafungu mawili au pungufu.

Usilinganishe mizunguko ya kukamua kati ya aina tofauti. Tangi jembamba la kukamulia likizunguka mara 1,300 kwa dakika halina nguvu sawa na pipa pana la mlango wa mbele kwa kasi ile ile, kwa kuwa upana nao unaongeza nguvu ya kusukuma maji nje. Mizunguko 700 ya pipa pana la mlango wa juu si midogo kama inavyosikika. Linganisha mbele na mbele, juu na juu.

Ikifika nyumbani, ya mlango wa mbele huwa na bolti za safari nyuma, zinazoshikilia pipa lisiyumbe njiani. Zitoe kabla ya kuiwasha, uzihifadhi kwa siku ya kuhama. Kisha angalia mpira wa kutolea maji machafu. Kwa mashine yenye pampu, ncha yake iinuliwe kwa kimo kilichotajwa kwenye kitabu, kwa kawaida kati ya sentimita 60 na 100 kutoka sakafuni. Ukiulaza chini, maji yatakuwa yanatoka huku yakiingia, mashine itajaza bila kikomo na programu haitasonga. Zile za mlango wa juu zisizo na pampu ni kinyume: mpira wake ulale chini karibu na sakafu, maana ukiinuliwa maji hayatoki na mashine itasimama kabla ya kukamua.