Injini ya RAV4 ndani ya MR2: uzoefu wangu na muuzaji wa injini za ex-Japan

Gari nililipata Casuarina, hapa Malindi, nyuma ya nyumba ya Mtaliano aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao. Toyota MR2 ya 1992, viti viwili, nyekundu iliyopauka kwa jua na chumvi ya bahari. Gia boksi ilikuwepo, redieta ilikuwepo, taa zile za kuinuka zilikuwepo. Injini haikuwepo. MR2 hubeba injini nyuma ya viti, na nilipofungua kifuniko nilikuta majani makavu ya mvinje na nyaya zilizokatwa kwa kisu. Nililipenda gari hili tangu niko shule ya msingi, kwa hivyo nilinunua hivyo hivyo.

Kazi ikawa kutafuta injini kwa pesa za mtu wa kawaida. Yake ya asili ni 3S-GE, ile ambayo kichwa chake, yaani sehemu ya juu ya injini, Toyota ilishirikiana na Yamaha kukiunda, yenye nguvu za farasi kama 165. Nilipiga simu maduka ya Kirinyaga Road, Nairobi. Bei ya chini niliyotajiwa ilikuwa shilingi 140,000, tena bila komputa inayoiongoza injini. Ya turbo, 3S-GTE inayotolewa kwenye gari la Caldina, nilitajiwa 280,000 nikashukuru, nikakata simu. Mimi nilikuwa nimetenga 120,000 kwa kila kitu, mpaka gari liwake.

Fundi wangu ni mzee wa Maweni ambaye amefungua injini za Toyota tangu mimi sijazaliwa. Alinisikiliza, akanawa mikono, akasema: "Mwanangu, tafuta 3S ya RAV4. Hiyo GE ikikufia, kichwa chake utakipata wapi hapa?"

Nilikaa na neno hilo siku kadhaa kwa sababu lilinivunja moyo kidogo. Lakini ndilo lililokuwa sawa. 3S-FE ni ndugu wa 3S-GE, cc zile zile 1998, na inakaa kwenye gia boksi ile ile ya MR2 isiyo na turbo. Ilitiwa kwenye RAV4 za mwanzo, Corona, Carina, Camry na Caldina, kwa hivyo mkanda wa taiming, pampu ya maji na gasketi zake utazikuta madukani hapa hapa Malindi. Ndani ya RAV4 inatoa farasi kama 135. Na si kuliharibu gari, maana Toyota yenyewe iliuza MR2 zenye 3S-FE Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Muuzaji wa injini za ex-Japan, yaani zilizotumika Japani, nilimpata Mombasa. Jina lake silitaji, kwa sababu ninalotaka kusema lina uzuri na ubaya. Tulikubaliana 65,000 kwa injini kamili: oltaneta, stata, distribyuta, komputa na waya zake zote. Akanitumia picha safi, nikamtumia 20,000 kwa M-Pesa, injini ikapakiwa kwenye lori ikaja ikiwa imekalishwa juu ya tairi kuukuu.

Fundi aliizunguka mara moja tu. "Hii ni ya Noah," akasema. Akanionyesha sampu, ile sufuria ya oili chini ya injini, na mahali mauntingi, vishikio vya injini, zinaposhika. Noah za zamani injini yake ni 3S-FE kweli, ila hulala kwa urefu chini ya viti vya mbele na kusukuma magurudumu ya nyuma. Ya RAV4 hukaa kwa upana, na MR2 inataka ya upana. Waya nazo zilikuwa zimekatwa shibiri moja tu kutoka kwenye plagi ya komputa. Nilimpigia muuzaji, akanijibu kwamba 3S ni 3S. Jibu hilo liliniudhi kuliko kosa lenyewe. Mtu anayeuza injini kila siku anajua tofauti hiyo.

Kesho yake alfajiri tulishika njia ya Mombasa, mimi na fundi. Nakiri kwamba mbele ya mteja muuzaji alikuwa mtu mwingine kabisa. Hakubisha, alimwita kijana wake akatupeleka stoo ya nyuma na kutuambia tuchague. Kumbe picha za simu zilikuwa zinapigwa na mtu asiyejua magari.

Hapo ndipo nilipojifunza mengi. Fundi hakutazama usafi wa nje hata kidogo. Alifungua kifuniko cha oili akaingiza kidole, akakipangusa kwenye kitambaa cheupe, akakinusa. Kwenye injini ya kwanza kitambaa kilitoka na tope jeusi, akaipita. Ya pili ilikuwa na kutu nyekundu kwenye tundu la maji. Ya tatu oili yake ilikuwa ya rangi ya chai. Akaingiza spana kwenye puli ya mbele akaizungusha mizunguko miwili polepole, sikio likiwa karibu na bloku. Kisha akatoa plagi zote nne, akaomba betri, akapima kompreshen, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya kila silinda, pale pale sakafuni: 170, 168, 172, 170 psi. Akaniambia chini ya 142 usiichukue, na silinda zisipishane zaidi ya 14. Nilitamani kumkumbatia.

Muuzaji alibadilisha injini bila kuongeza senti, akatoa komputa na waya nzima za RAV4 ile ile, akalipa usafiri wa kuileta Malindi. Usafiri wa ile ya kwanza, kuja na kurudi, 9,000, ulibaki juu yangu. Niliona si haki na bado naona hivyo. Jambo jingine hakunitajia: injini ilitoka kwenye gari la automatiki, kwa hivyo haikuja na flaiwili, lile gurudumu zito ambalo klachi ya gari la gia za mkono hushika. Flaiwili na klachi zikanila 14,500.

Kufunga kulichukua siku sita chini ya mwembe. Waya ndizo zilizokula muda, siku tatu nzima, fundi na mwanawe wakifuata waya moja moja. Lakini sehemu iliyonitisha ni maji. Redieta ya MR2 iko mbele na injini iko nyuma, mabomba yanapita chini ya gari lote, na hewa ikibaki ndani utaunguza gasketi ya kichwa. Kuna matundu ya kutolea hewa mbele, kwenye redieta na kwenye hita. Fundi alichomeka vipira vyeupe vinavyoona ndani, akavifunga juu kwa kamba, akawa anamimina maji kidogo kidogo. Mapovu yalipanda kwa karibu saa nzima. Povu la mwisho lilipotoka na maji yakatulia kwenye kipira, hakuna aliyesema kitu. Akaniashiria niwashe.

Iliwaka mara ya pili.

Hesabu yote: injini 65,000, usafiri 9,000, flaiwili na klachi 14,500, mkanda wa taiming, sili na pampu ya maji 9,000, fundi 25,000. Jumla 122,500. Dai risiti yenye namba ya injini usije ukaondoka bila hiyo, maana namba kwenye logibuku, hati ya umiliki wa gari, lazima ibadilishwe NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na gari likaguliwe. Yangu muuzaji aliiandika bila kusukumwa, hilo nampa.

Nimeshatembea kilomita 2,300. Safari ya kwanza nilivuka daraja la Sabaki hadi Mambrui, macho zaidi kwenye mshale wa joto kuliko barabarani, nao haukupita nusu. Si gari la mbio sana, ukikanyaga linaondoka taratibu kuliko nilivyoota. Kwenye kona lakini ni lile lile nililolipenda. Oili hainywi. Gasketi ya kifuniko cha juu inavuja kidogo, nitaibadilisha mwisho wa mwezi.

Binamu yangu wa Muyeye anatafuta injini ya Corolla. Nimemwambia tutaanzia kwa muuzaji yule yule, ila twende wenyewe, na fundi awe kwenye kiti cha mbele.