Deikea iliyokataa leso yangu

Siku ya kwanza nilifika deikea, yaani nyumba ya kulelea watoto mchana, na mfuko wa vitu: chupa nne za maziwa niliyoyakama usiku, paketi nzima ya daipa, nguo za kubadili, karatasi za chanjo, na leso, yaani kanga. Leso yenyewe nilikuwa nimelala nayo wiki nzima makusudi ili ishike harufu yangu, kama mamangu alivyonielekeza kwa simu kutoka Likoni, Mombasa. Mwenye nyumba akavipokea vyote kimoja kimoja, akaviandika, na leso akanirudishia mkononi.

“Hii hailali naye,” akaniambia.

Kitandani kwa mtoto mchanga hakuingii kitu isipokuwa nyonyo yake ya mpira. Blanketi hapana, mto hapana, mwanasesere hapana, na leso ya mama pia hapana. Mtoto hulazwa chali, juu ya godoro gumu lenye shuka moja iliyokazwa, basi. Ndiyo sheria ya leseni hapa Minnesota, na ndivyo wanavyoshauri madaktari wa watoto Marekani nzima, kwa sababu ya vile vifo vya ghafla vya wachanga usingizini. Nililijua hilo. Hospitali walinieleza kabla hawajanitoa. Lakini kujua ni kitu kimoja, na kurudishiwa leso mlangoni saa kumi na mbili asubuhi, theluji imefika magotini, ni kitu kingine. Nilienda kazini nimenuna.

Sasa ni mwezi wa saba tangu siku hiyo, na kwa vile kina mama watatu wameniuliza habari za deikea ya mwanangu wiki hii moja, wacha niandike yote mahali pamoja. Ni deikea ya nyumbani, hapa Brooklyn Park, dakika chache kutoka Zane Avenue. Mwenyewe ni mama wa Kiliberia wa makamo, na jina lake silitaji kwa sababu sikumwomba ruhusa. Anayetaka namba na aniulize nikampelekee salamu kwanza.

Nilifikaje kwake? Kwa kukosa njia nyingine, kusema kweli. Nilijifungua Novemba 2024. Likizo ya sheria ya nchi nzima ni wiki 12, tena bila mshahara. Ile ya kulipwa ya jimbo letu ilipangiwa kuanza Januari 2026, imenipita hivi hivi naitazama. Mume wangu anaendesha lori, wiki yupo wiki hayupo. Mimi ni msaidizi wa wagonjwa katika nyumba ya wazee, shifti ya asubuhi. Vituo vikubwa nilivyovipigia, kimoja kilinitajia zaidi ya dola 400 kwa wiki kwa mtoto mchanga, na bado kilikuwa na foleni. Msaada wa kaunti wa malipo ya malezi tuliomba, tukaambiwa kipato chetu kimezidi.

Kwa hiyo kila mtu aliniambia neno moja: mpeleke kwa fulani. Fulani ni mama wa kwetu, mtu wa pwani, mkarimu asiye na mfano. Nilipojifungua alikuja na sufuria ya supu na akakaa siku mbili kunikanda kwa maji moto. Analea watoto nyumbani kwake kwa dola 30 kwa siku. Nilipokwenda kuona, nilihesabu vichwa saba, na vinne kati yake havijaota jino. Wawili walikuwa wamelala kwenye kochi, wamezungushiwa mito wasianguke. Mmoja wa miezi minne alikuwa akinyweshwa uji wa wimbi kwa chupa.

“Mwanangu, wewe umelelewa hivi hivi na umekuwa,” akaniambia, na ni kweli. Lakini mimi nililelewa nyumba yenye shangazi wawili, nyanya, na msichana wa kazi. Yeye yuko peke yake na saba, na jikoni kuna mafuta yanachemka.

Hana leseni. Sheria ya hapa inamruhusu mtu asiye na leseni alee watoto wa ndugu zake na wa familia moja nyingine tu. Pale palikuwa na familia tano. Sikumshitaki kwa mtu, wala sikumwambia sababu yangu ya kweli. Nilimdanganya kwamba mume wangu amepata mtu karibu na kazini. Mpaka leo tukikutana kwenye harusi nageukia upande wa biriani.

Mamangu ndiye alikasirika zaidi. “Wamwacha mtu wa kwenu, wampeleka mtoto kwa mtu baki?” Sikuwa na jibu wakati ule.

Nyumba ya pili ilikuwa na leseni ukutani, ndani ya fremu kabisa. Nyumba nzuri! Herufi za rangi ukutani, vitabu, zulia jipya, harufu ya limau. Nikawa nishaanza kupiga hesabu ya malipo kichwani. Kisha nikaona kona ya sebule bembea ya umeme inayumba, na ndani yake mtoto amelala, kichwa kimeanguka mbele, kidevu kimegusa kifua, blanketi mpaka shingoni. Nikauliza. Mwenyewe akacheka: “Huyu ndipo anapolala vizuri.” Nikaaga.

Kama ningelitazama tovuti ya jimbo kwanza ningeokoa petroli. Kila nyumba yenye leseni ina ukurasa wake pale: leseni ni hai au la, ni ya watoto wangapi, na amri za marekebisho ilizopewa na wakaguzi wa kaunti. Ya nyumba ile ilikuwa wazi kabisa, amri ya mwaka uliopita, kuhusu hilo hilo la usingizi wa wachanga. Amekosolewa, akakubali, akarudia.

Nimeshasikia watu wakisema leseni ni karatasi tu. Ni karatasi, sawa, lakini ni karatasi inayokupa mahali pa kuchungulia. Mama wa pwani hana ukurasa. Kwake ningechungulia wapi?

Mama wa Kiliberia naye alikuwa na amri mbili. Nilimpigia simu nikamuuliza bila kuzunguka. Hakununa. Akasema moja ni kwamba hakuandika zoezi la moto la mwezi mmoja, maana kila mwezi lazima wafanye zoezi la moto na la tufani na kuliandika, na nyingine ni cheti cha kozi kilichochelewa. “Njoo uone faili,” akasema, “halafu njoo tena siku ambayo hukuniambia.” Hilo la mwisho ndilo lililonivuta. Mzazi anaruhusiwa kuingia saa yoyote mtoto wake akiwa pale, ni haki, lakini wachache wanaokukumbusha.

Nikaenda Jumanne kwa miadi, nikarudi Alhamisi saa nane mchana bila hodi ya simu. Siku zote mbili nilikuta hesabu ile ile. Leseni yake ni ya aina ya kawaida ya familia: watoto 10 kwa jumla, wasiozidi 6 walio chini ya umri wa kwenda shule, na kati ya hao sita wachanga na wanaojifunza kutembea wasizidi watatu wakijumlishwa, na wachanga wenyewe wasizidi wawili. Mchanga ni wiki sita mpaka kabla ya kutimiza mwaka. Baada ya hapo mpaka miaka miwili ni yule wa kutembea-tembea. Watoto wadogo wa mwenye nyumba nao wamo kwenye hesabu. Hesabu hii ishikeni, maana mtu anaweza kukuambia “nina leseni ya kumi” na ukakuta wachanga watano, akidhani hujui.

Kitu kingine ambacho sikukifikiria mpaka aliponieleza: si yeye tu aliyechunguzwa. Kila anayeishi mle ndani kuanzia umri wa miaka 13 huchunguzwa, na mwanawe wa miaka 16 naye alipita humo. Kijana mwenyewe nilimkuta mlangoni na begi la mpira wa kikapu, akanisalimia kwa heshima, akapita zake. Dadake, anayeshika zamu mama akienda kwa daktari, naye karatasi zake zimo kwenye faili.

Nyumba haina fahari. Zulia limechoka. Kigeti cha ngazi za kushuka chini kinapiga kelele kama mlango wa matatu. Vitanda viwili vya wachanga viko chumba kimoja kidogo mlango wazi, na mlangoni pamebandikwa karatasi na kalamu imefungwa kwa uzi. Humo anaandika kila anapoingia kuwatazama waliolala. Kwa mtoto mgeni ni kila dakika 15, nayo wanashauriwa waifuate miezi minne ya mwanzo. Baadaye nusu saa. Nilisimama nikaisoma ile karatasi kuliko nilivyosoma mkataba. 12:15, 12:30, 12:46, 1:00. Ile 12:46 ndiyo iliyoniaminisha. Mtu anayejaza karatasi ya uongo hujaza 12:45.

Kuhusu chakula niliuliza mapema, sisi ni Waislamu. Akatoa daftari akaandika kwa herufi kubwa: nguruwe hapana, na nyama tutaleta wenyewe. Hajawahi kukosea. Mwanangu alipofika miezi sita akaanza kuonjeshwa wali laini na mboga, na jioni moja akarudi na doa la kijani kifuani. Nikauliza ni nini. Majani ya muhogo. Kisamvu! Kisamvu, Brooklyn Park, mikononi mwa mtu wa Monrovia, kimepikwa bila pilipili kwa ajili ya mtoto wangu. Nikampigia mamangu video nikamwonyesha lile doa. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kama wanatia nazi. Hawatii. Akasema basi hawajui kupika, lakini sauti ilikuwa imelainika.

Makosa yake nayasema pia. Ukichelewa kumchukua mtoto baada ya saa kumi na moja na nusu jioni, ni dola moja kwa kila dakika, na saa inayohesabiwa ni ya ukutani kwake, iliyo mbele dakika nne. Nimeshalipa dola 11 kwa ajili ya treni ya mizigo. Hufunga wiki mbili kwa mwaka, na moja kati ya hizo unalipa. Imo kwenye mkataba ukurasa wa tatu, mimi niliisoma Julai. Televisheni huwashwa jioni wakubwa wanaporudi shule, na ingawa wachanga hawawekwi mbele yake, kelele wanazisikia. Na mtoto akiwa na joto harudi mpaka apoe bila dawa. Mara mbili nimekosa shifti kwa hilo, na mara zote mbili nilimlaani hadi jioni, hadi nilipokumbuka kwamba wa kwangu ndiye asiyeambukizwa mtoto wa mwingine akirudishwa.

Bei ninayolipa ni dola 235 kwa wiki, maziwa ya kopo mimi, daipa mimi. Nyota za ubora za jimbo, zile za moja hadi nne, anazo mbili. Sikuzitilia maanani sana. Nyumba ya bembea nayo ilikuwa nazo.

Jambo moja dogo. Wiki ya tatu mwanangu alikuwa akilia akinikosa, hanywi chupa. Nikafika nikakuta mama wa Kiliberia ameketi kwenye kiti cha kuyumba, amemkumbatia, na begani kwake kuna leso. Leso yangu. Nilikuwa nimeisahau kwenye mfuko wa nguo. Aliiona, akafikiri, akaamua kwamba kitandani haiingii lakini begani kwake hakuna sheria. Mtoto anaitia pua, anakunywa, akisinzia leso inabaki begani na yeye analazwa peke yake, chali. Tangu hapo leso ina msumari wake karibu na jokofu, na kila Ijumaa narudishiwa nikalale nayo. Jina lake, yale maandishi yake, linasoma *Usisafirie nyota ya mwenzio*, na siku moja aliniomba nimtafsirie. Nilijaribu. Akacheka mpaka akafuta machozi, akasema kwao pia wako watu hao.

Kwa wanaouliza kama kuna nafasi: hakuna, ila hesabu inaendelea. Wachanga ni wawili, mmoja wangu, na anayejifunza kutembea ni mmoja. Yule wa tatu anatimiza miaka miwili Oktoba, anatoka kwenye hesabu ya watatu. Wangu anatimiza mwaka Novemba, anatoka kwenye hesabu ya wachanga wawili. Hapo panapatikana kitanda kimoja. Jirani yangu mwenye mimba ameshaandikisha jina, na tangu ajue siku ya kuzaliwa ya mwanangu ananiuliza kila wiki kama nimeshaagiza keki.