Kozi ya kiingereza ya jioni, mada ya uhalifu na sheria: ticha moto, kitabu hapana

Hii kozi iko Kariakoo, jina silitaji maana nina malalamiko yangu. Ila ticha nampa maua yake. Hakutupa listi ya maneno tukakariri, alikuja na matukio, huyu kavunja dirisha usiku kabeba tv, huyu kakaba mtu njiani kamnyang'anya simu, huyu kachomoa waleti kwenye daladala na mwenyewe hana habari, sisi wote tunaita mwizi tu lakini yeye akatubana tuseme burglar, robber, pickpocket kila mtu na kosa lake. Halafu tukaigiza mahakama, mshtakiwa alikuwa mzee mmoja fundi cherehani, kila swali anajibu "I was sleeping, your honour", hakimu mwenyewe alicheka mpaka kesi ikaahirishwa 😂 na hapo ndo alibi (kujitetea kwamba ulikuwa kwingine), bail (dhamana) na witness (shahidi) zikaniingia mazima.

Sasa kitabu. Fotokopi zimefifia na unalipia pembeni, tena ni cha Uingereza kitupu, kurasa kibao za jury ya watu 12 (raia wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia) na barrister mwenye wigi (wakili wa kusimama mahakamani) na solicitor (wakili wa ofisini), wakati mahakama zetu hazina jury na wakili ni wakili tu. Anayejiandaa kusoma sheria hapa bongo anataka hati ya mashtaka, dhamana, rufaa, vitu hivyo vimeguswa juu juu. Feni nayo moja. Kama unaenda omba darasa la huyo dada ticha wangu, la ghorofa ya chini nasikia wanaimba listi tu.