Wiki nane kwenye dawati la usuluhishi: uzoefu wangu wa field

Kama umepata nafasi ya field, yaani mafunzo kwa vitendo, kwenye kituo cha msaada wa kisheria chenye dawati la usuluhishi, na bado unajiuliza uende au usubiri ofisi kubwa mjini, haya ndiyo niliyokutana nayo mimi. Nilikaa wiki nane kwenye kituo kimoja pembezoni mwa Dar es Salaam nikiwa mwaka wa pili wa shahada ya ustawi wa jamii. Baada ya mitihani nikarudi kujitolea miezi mitatu. Kituo sikitaji, na watu ninaowasimulia nimewabadilishia mambo kadhaa ili wasijulikane.

Kuingia hakukuwa kugumu. Nilipeleka barua ya utambulisho ya chuo na barua ya maombi, siku ya tatu nikapigiwa simu. Posho hakuna, nauli na chakula ni juu yako. Nilikuwa napanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi. Hili lipigie hesabu mapema, maana wenzangu wawili waliacha katikati kwa sababu ya nauli tu, na walikuwa na moyo wa kazi kweli.

Wiki mbili za mwanzo nilikaa meza ya mapokezi. Mtu anaingia, unampa kiti, unamsikiliza, unajaza fomu ya malalamiko, unafungua jalada, kisha unaandika wito kwa anayelalamikiwa. Wito wangu wa kwanza niliandika "unatakiwa kufika bila kukosa." Msimamizi wangu, mama mmoja msaidizi wa kisheria wa miaka mingi, akaurudisha. Kituo si mahakama, alisema, hatuna nguvu ya kumleta mtu. Akaniandikisha upya: "tunakuomba ufike tukusikilize na wewe." Wengi waliokuja walishika hayo maneno mawili ya mwisho. Mwanamume mmoja aliingia na barua mkononi akauliza, "Ni kweli mtanisikiliza na mimi?"

Huduma ni bure. Mteja akikupa ya soda, mrudishie kwa adabu. Na usijiite wakili: Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, lakini hawasimami mahakamani kumwakilisha mtu.

Mashauri mengi yalikuwa ya matunzo ya mtoto, mipaka ya viwanja, mirathi na fedha za vikoba. Lililonifundisha zaidi lilikuwa la matunzo. Baba ni bodaboda, mama anapika maandazi, mtoto ana miaka minne. Mbele ya wote baba alisema neno moja tu: "Sina." Msimamizi akaomba kuonana na kila mmoja peke yake. Huko ndiko ilikojulikana kwamba fedha alikuwa nazo, ila zilikuwa zikipitia kwa bibi wa mtoto na yeye hakumwamini. Hakutaka kumvunjia mama mkwe heshima mbele ya watu. Tungeendelea kukaa wote chumba kimoja, tungemaliza mchana tukibishana kuhusu kipato chake.

Hati ya makubaliano niliiandika mimi, na niliiandika vibaya. Niliweka "baba atatoa matunzo ya mtoto kila mwezi," wakasaini, wakapeana mikono, nikajisikia nimefanya kazi. Baada ya wiki sita walirudi wakigombana zaidi ya mwanzo. Baba alikuwa amepeleka unga, mafuta na sare. Mama alikuwa anasubiri fedha. Kila mmoja alikuwa anasoma sentensi ileile yangu, na kila mmoja alikuwa na haki. Hati ya pili ilisema shilingi 15,000 kila Jumatatu, kwa simu, kwenye namba ya mama mwenyewe, na ujumbe wa muamala utunzwe; matibabu na sare nusu kwa nusu kwa risiti. Tulichagua wiki kwa sababu bodaboda anapata riziki yake siku kwa siku. Kumwambia alimbikize hadi mwisho wa mwezi ni kumtega. Hiyo ilishika mpaka naondoka.

Kuna mashauri ambayo hayasuluhishwi pale, na ukienda kwenye kituo chochote angalia kama wanalijua hili. Dada mmoja alikuja kuomba mume wake aitwe "aonywe." Nikiwa katikati ya fomu msimamizi aliona alama shingoni mwake, akanishika mkono nisiandike wito. Alifunga mlango, akazungumza naye taratibu, kisha tukamsindikiza Dawati la Jinsia na Watoto polisi, akapewa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo kutibiwa, aende hospitali. Kumkalisha mtu aliyepigwa meza moja na aliyempiga na kuwaambia wasameheane ni hatari, hata kama ukoo mzima unataka hivyo. Kwa hili peke yake namheshimu mama yule.

Sasa kasoro. Chumba cha usuluhishi kilitengwa na mapokezi kwa pazia, na waliokuwa kwenye foleni walisikia kila kitu. Nililisema, nikajibiwa hakuna fungu. Tukaishia kuhamishia benchi la wanaosubiri nje, chini ya mwarobaini, na mvua ikinyesha tunarudi palepale. Pia hakuna anayekaa na mwanafunzi baada ya shauri zito. Ile siku ya dada nilirudi nyumbani sikula. Vituo vinavyopokea wanafunzi vinapaswa kutenga hata nusu saa kwa hili.

Upande wa ardhi, soma kabla hujaenda. Tangu Sheria Na. 5 ya 2021 baraza la kata haliamui tena mgogoro wa ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa hati kuthibitisha hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu mlalamikaji anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo. Mtaani wengi hawajui. Mzee mmoja alikuja na bahasha ya karatasi zake, mpaka wa kiwanja na jirani, akisubiri kwa miezi saba baraza la kata "litoe hukumu." Nilimweleza polepole, nikarudia. Akakaa kimya, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, nilikuwa nasubiri nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimsaidia kupanga karatasi zake kwa tarehe, nikamwandikia kwenye kipande cha karatasi jina la ofisi na daladala ya kupanda. Wiki mbili baadaye alipita kunionyesha nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Nilipoondoka kituoni alikuwa bado anasubiri kuitwa, lakini safari hii alijua tarehe.