Tathmini ya usonji Mombasa: pesa iliyofanya kazi ni ile ya kwenda shuleni

Kituo kilichompima mwanangu usonji (autism) nakipa nyota nne kati ya tano, na hiyo ya tano wameipoteza mapokezini. Jina la kituo sitalitaja. Kazi yenyewe ilifanywa na mwanasaikolojia mmoja na mtaalamu mmoja wa tiba-kazi, anayemsaidia mtoto kumudu shughuli za kila siku, na watu wa fani hizi huhama. Kesho ukienda ukawakosa, jina la kwenye ubao halitakufaa kitu. Bora nikueleze walivyofanya, ili popote utakapompeleka mtoto ujue unauziwa nini.

Mimi ni fundi wa mafriji, duka liko Bondeni. Kijana wangu wa mwisho anakaribia miaka sita. Anazungumza, ila kwa vipande, na vingi ni matangazo ya redio aliyoyashika neno kwa neno. Akija dukani hukaa chini kwenye sakafu, huweka kiganja juu ya kompresa ya friji iliyoletwa, na kabla sijashika bisibisi ananiambia, "Hii mbovu." Mara nyingi huwa kweli.

Muhula wa kwanza wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, alikwenda shule akawa anarudi kimya. Muhula wa pili akaanza kukataa, na si kukataa kwa kudeka. Soksi anavua tungali njiani kwenye tuktuk. Sweta analitafuna mpaka kola inarowa. Tukifika langoni anatapika. Jumamosi na Jumapili mzima kabisa, na chuoni kwa maalim, yaani madrasa, anakwenda mwenyewe bila kuvutwa mkono. Hapo kila mtu akawa daktari. Mwalimu alisema amedekezwa. Jirani alisema apigwe. Bibi yake alileta kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani zikaoshwa, akanywa lote. Zafarani na maji ya waridi havimdhuru mtu, na dua ya bibi mimi siikatai. Jumatatu akatapika pale pale langoni.

Wako pia waliotuambia tumwache nyumbani akue kidogo. Sawa, lakini Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 haimwulizi mzazi kama mtoto anaipenda shule. Asipokwenda, wa kujibu ni wewe.

Kabla ya kituo hiki tulipita kliniki nyingine, huku huku kisiwani. Daktari alimtazama kijana akiwa amejificha chini ya kiti, akatupa karatasi ya maswali tujibu ndiyo au la, akajumlisha, akatamka kwamba ana usonji. Yaliisha upesi kuliko kununua gesi ya friji. Swali mojawapo lilikuwa: je, mtoto wako hutembea? Mke wangu alinitazama tu. Mtoto huyo asubuhi ile alikuwa amempiga chenga bawabu wa shule mbele ya wazazi wenzetu. Nilikuja kujua baadaye kwamba karatasi ile ni M-CHAT, ambayo ni ya kuchuja watoto wa miezi 16 hadi 30, na hata kwa hao haitoi hukumu. Inaonyesha tu nani apelekwe akapimwe sawasawa. Juu yake tukaandikiwa kipimo cha umeme wa ubongo. Kijana hajawahi kuanguka wala kupotewa na fahamu, na hicho ni kipimo cha anayeshukiwa kifafa. Usonji hauonekani kwenye damu, wala kwenye picha ya kichwa. Hujulikana kwa kumtazama mtoto na kuwauliza wanaomlea. Mtu akikuambia mashine itathibitisha, mshukuru uondoke.

Sasa kituo chenyewe. Kiko ng'ambo ya daraja la Nyali, ghorofani, na lifti ipo. Tathmini nzima Sh28,000, nusu unalipa mwanzo na nusu siku ya ripoti. Pesa zinauma, sikatai. Nilianza kuwaamini nilipopiga simu kuomba miadi, maana swali lao la kwanza lilikuwa kama masikio yake yamepimwa. Hayakuwa yamepimwa. Wakaniambia nimpeleke kwanza hospitali ya umma apimwe, nirudi na karatasi, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri naye huweza kutoitika jina na kuchelewa kusema. Mtu anayetaka pesa zako akikurudisha kwanza kwingine, hiyo ni dalili njema.

Mapokezini ndiko walikoniudhi. Luninga ukutani inapiga katuni kwa sauti ya kuwasikia hata walio kwenye ngazi, taa nyeupe zinamulika, na watoto wanaosubiri wengi ni hao hao wasiostahimili kelele. Kijana alijifunika masikio tangu mlangoni. Niliomba sauti ipunguzwe, nikaambiwa rimoti anayo mkubwa. Halafu, hatujaitwa hata jina, binti wa pale akaniwekea mbele karatasi ya vifurushi vya therapi, vikao kumi kwa bei hii, ishirini kwa bei ile. Mtoto hajapimwa, dawa ishafungwa! Nilimwambia kwa heshima tusubiri kwanza tujue anaumwa wapi. Akaichukua bila ubishi, lakini mzazi aliyechoka angetia saini.

Ukishavuka mapokezi, mambo hubadilika. Mwanasaikolojia alikaa nasi kwanza bila mtoto. Aliuliza mimba, uzazi, alitambaa lini, neno la kwanza lilikuwa lipi, anakula nini na anakataa nini, akianguka anamwendea nani. Aliniuliza mimi, akamwuliza mama yake peke yake, na majibu yetu yalipogongana hakutusuluhisha, aliandika yote mawili. Aliomba video za zamani za kwenye simu. Tulikuwa na moja ya Idi, kijana amekaa katikati ya binamu zake na vinyago vipya, anazungusha gurudumu la gari moja tu, na yeyote anayemwita hageuki. Aliiangalia mara mbili.

Kisha ikaja ADOS-2, michezo iliyopangwa ambayo aliyesomea huitumia kumwangalia mtoto. Ukiitazama kwa mbali utadhani wanapoteza wakati. Alitoa kijibastola cha kupulizia mapovu ya sabuni. Mapovu yakaruka chumba kizima, na mtoto mwingine angeyafukuza akimwita mama yake aone. Wangu alikichukua kile kijibastola akakibandika shavuni asikilize mota inavyozunguka, macho ameyafumba. Hakutugeukia mimi wala mama yake kutuonyesha. Mimi nilikuwa nacheka, mwanangu fundi. Yule dada mwanasaikolojia alikuwa anaandika, na alipotueleza baadaye ndipo nilipofahamu alichokiona: furaha alikuwa nayo tele, ila hakuileta kwetu.

Kuna mahali wanamfanyia mwanasesere bethidei, na keki ya udongo na mishumaa. Kwetu nyumbani bethidei hatufanyi, na nilikuwa na wasiwasi kijana ataonekana hajui kucheza kumbe keki yenyewe haijui. Mwanasaikolojia alikuwa ameshatuuliza kabla. Alisema vifaa hivi vimeundwa ng'ambo, kwa hivyo hutazama kama mtoto anamjali huyo mwanasesere, si kama anajua kupuliza mshumaa. Jibu hilo peke yake lilikuwa na thamani ya nauli.

Tukafika kwenye shule. Yule dada alitwambia wazi kwamba kukataa shule si dalili ya usonji kwa yenyewe. Mtoto anayeonewa hukataa, mwenye hofu hukataa, asiyesikia hukataa. Akaniuliza jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Baba, na huko chuoni kukoje?"

"Kawaida tu. Wanavua viatu mlangoni, wanakaa mkekani, kila mtu ana pahali pake."

"Wako wangapi?"

"Wachache. Na kila siku ni yale yale, maalim habadilishi."

"Kengele?"

Nikacheka. Chuoni kengele ya nini?

Akapendekeza twende shuleni, kwa Sh4,000 za ziada. Mke wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, mimi nikakubali, na kama ningeambiwa nirudishiwe pesa zote nibaki na huduma moja, ningebaki na hiyo. Walikuja wawili, yeye na yule wa tiba-kazi, kabla ya gwaride la asubuhi, wakasimama ukutani kimya. Kengele ya shule ni rimu ya gurudumu la lori, imening'inizwa kwenye mwarobaini, hatua chache tu kutoka dirisha la PP1, na inagongwa kwa nondo. Mimi niliyezoea kelele za karakana nilishtuka. Wa tiba-kazi akaenda mpaka vyooni. Milango ni ya mabati, watoto wakubwa wanaibamiza kwa raha zao, ndani giza. Akamwuliza mwalimu msaidizi kama amewahi kumwona kijana akienda msalani. Yule mama akafikiri kidogo. Hajawahi. Yaani mtoto alikuwa anajizuia tangu asubuhi mpaka anarudi nyumbani, amevaa soksi zinazomkera, anaingoja rimu ipigwe bila kujua itapigwa lini. Ningekuwa mimi ningetapika pia.

Ripoti ilichelewa, na nililazimika kupiga simu kuikumbusha. Imeandikwa Kiingereza kitupu, ila walitueleza kwa Kiswahili ukurasa kwa ukurasa, bila haraka, na mama yake alipolia walimwacha alie. Jibu ni usonji. Vigezo walivyotumia ni vya DSM-5, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani wa mwaka 2013, ambavyo vinahesabu pia jinsi mtoto anavyopokea sauti, mwanga na nguo mwilini, kwa hivyo ile rimu na zile soksi zimo ndani ya ripoti kwa majina yake. Ukurasa wa mwisho ni wa mwalimu: aingie baada ya gwaride kwisha, akae ukutani mbali na dirisha lile, apelekwe msalani wakati madarasa mengine yamo ndani, aonyeshwe kwa picha kitu gani kinafuata kitu gani, aambiwe kabla kengele haijapigwa. Aanze na saa moja, iongezwe polepole. Asiburutwe.

Kwa sasa anakaa mpaka uji wa saa nne. Kuna siku hazendi vizuri, na siku moja alivuka mpaka chakula cha mchana halafu kesho yake akakataa katakata. Lakini langoni hatapiki tena. Ndara zimeruhusiwa badala ya viatu na soksi, na mwalimu msaidizi amemkabidhi kazi ya kugawa madaftari, ambayo haruhusu mtu mwingine aiguse.

Ya kuongezea kwa ambaye Sh28,000 hana, na wengi hatuna. Serikali ina vituo vya kutathmini watoto kwa ajili ya shule, EARC, ulizia ofisi ya elimu ya eneo lako. Wanaokaa pale ni walimu waliosomea elimu maalumu. Wao hawatakupa jina la kidaktari, watakuambia mtoto anahitaji nini darasani na afae shule gani. Sisi tulikwenda baadaye, na bahati ilioje: mwalimu mkuu ripoti ya kituo aliiweka mezani bila kuifungua, barua ya EARC akaisoma yote akiwa amesimama. Ningeanzia huko, kisha niamue kama nalipia mengine. Huduma ilikuwa nzuri, foleni ndefu, viti vya plastiki, hakuna luninga.

Na kama unataka kumsajili mtoto kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu apate kadi, ripoti ya kituo cha binafsi haitoshi. Fomu hujazwa na madaktari wa hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, nao watataka kumwona mtoto mwenyewe. Ambatisha nakala ya ripoti, huwapunguzia maswali. Ile ya asili ibaki kwako, usimwachie karani hata akikuambia ni ya dakika tano.