Mkanda wa kubana paja: umenitia hasira, na bado nautaka

Nianze na valvu ya huu mkanda unaojazwa upepo kwa pampu, maana ndiyo iliyonipandisha presha. Niko sebuleni, mzunguko wa tatu wa mazoezi, nanyoosha mguu niliofungia kilo mbili za mchele. Nikabonyeza kitufe cha kutoa upepo. Kimya. Nikabonyeza tena. Paja linawaka, mguu unageuka zambarau, na velkro imevutika haibanduki. Mwanangu ndiye aliyekuja kuchomoa mpira wa pampu. Psssss!

Nikarudi Kariakoo, duka nililonunulia. Yule kijana muuzaji ananiona na magongo yangu, hata kigoda hakunipa. "Mama, hii ni ya watu wa jimu, siyo ya wagonjwa." Mbele za watu!

Wewe kijana, wagonjwa ndio sisi wenye haja nayo. Nimeshonwa ukano wa goti, mzigo mzito marufuku. Mkanda ukizuia damu inayorudi juu, msuli unachoshwa na uzito wa asilimia 20 mpaka 30 tu ya uwezo wako, utadhani umebeba gunia. Mjapani Yoshiaki Sato, aliyebuni mazoezi haya, anasimulia kwamba wazo lilimjia mwaka 1966, miguu ilipomfa ganzi kwa kupiga magoti ibadani. Si kwenye kioo cha jimu.

Haya, na mimi nina langu: nilikisia presha ya mkanda. Kliniki, dada wa fiziotherapia hutafuta kwanza presha inayofunga damu kabisa, ndipo anajaza pungufu ya hapo. Mkanda wake mpana, anaufunga juu kabisa ya paja. Nanyoosha mguu mara 30, kisha 15, 15, 15, katikati unapumua sekunde 30. Siku ya kwanza nililia, kwa kauzito ka kumchekesha mtoto. Lakini paja lililonywea kama la kuku wa kienyeji limeanza kujaa, naliona kwenye suruali.

Tena yule dada aliniuliza kama damu imewahi kuniganda mguuni, kama nina selimundu, presha ikoje. Kijana wa duka aliniuliza kitu kimoja: taslimu au M-Pesa?

Nilikuja kuandika nyota moja. Nikawaza, mbili, maana mkanda wenyewe ulibana sawasawa. Hapana. Moja. Hela yangu hajarudisha, na juzi nimepita pale, anauza uleule, kauning'iniza mlangoni.